Baba mkwe anapandisha mitungi ya maji ghorofa ya nne kabla sijaamka, nimwambieje aache?

baba_wawili

Asalam aleikum wanajukwaa. Naomba mnisome mpaka mwisho ndo mcheke, najua humu kuna watu kazi yao ni hiyo.

Mimi nakaa Kisauni, Mombasa, ghorofa ya nne, vyumba viwili vya kulala, choo kimoja, lifti hakuna. Watoto wawili, mkubwa ana miaka minne yuko chekechea, mdogo katimiza miezi mitatu juzi. Mke wangu ni mwalimu, ile likizo ya uzazi ya miezi mitatu imekwisha, yangu mimi ilikuwa wiki mbili na iliisha hata nepi sijajua kuifunga. Yaya tuliyekuwa naye alienda kwao harusini na hiyo harusi sijui ni ya namna gani maana mpaka leo haijaisha na simu haishikwi. Basi mke akapiga simu Lamu. Wiki ile ile wakwe wakavuka kwa boti mpaka Mokowe, wakapanda basi la asubuhi, Witu, Garsen, Malindi, alasiri nikawapokea stejini. Mzee mbele, mama mkwe nyuma yake na mkeka kwapani, vikapu vitano na gunia la nazi.

Baba mkwe ana miaka 71, ni fundi wa vyombo kutoka Matondoni. Vyombo vya bahari, majahazi na mashua, sio sufuria. Kikapu kimoja kati ya vile vitano kilikuwa kizito nikadhani ni samaki wakavu, kumbe ni tezo, randa, patasi, keekee na mkebe wa misumari. Nikamuuliza baba, hivi vyote vya nini? Akanambia nimekuja kazini. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya pili natoka kuoga nakuta mlango wa choo hauna haja ya kuinuliwa ndo ufunge. Mnajua hewa ya bahari inavyokula chuma, bawaba zilikuwa zimekwisha na mwaka wa pili huu namwambia mke wangu nitauangalia. Siku ya nne mfereji wa jikoni uliokuwa ukidondoka usiku kucha umenyamaza, kumbe ilikuwa ni washa tu. Siku ya sita ikawa zamu ya dirisha la watoto, lile ambalo mvua ikipiga tunatega ndoo. Amelikalafati. Nasema amelikalafati wallahi, kachukua pamba kaisokota na mafuta akaishindilia kwenye ufa kwa patasi butu na nyundo, tak, tak, tak, pole pole kama yuko ubavuni mwa jahazi. Mimi mpango wangu ulikuwa silikoni ya dukani. Nikamuonyesha picha yake kwenye simu, akaiangalia, akanirudishia simu yangu.

Hayo yote nimeyameza. Yameniuma kidogo kama mwanamume mwenye nyumba lakini nimeyameza.

Sasa maji. Maji ya Mombasa nyinyi mnayajua, yanatoka mbali huko Mzima na Baricho, yakifika Kisauni yamechoka, ghorofa ya nne hayapandi. Mfereji wetu unakohoa mara mbili kwa wiki tena usiku wa manane. Siku zote nanunua kwa vijana wa mikokoteni, mtungi wa lita 20 nalipa 30 nikiuchukua chini, 50 nikipandishiwa. Tangu wakwe waje pipa la jikoni halijapungua hata siku moja. Mimi nikasema alhamdulillahi maji yamerudi. Hata niliwatangazia watu kazini.

Juzi nilikuwa shifti ya usiku bandarini, tukamaliza mapema, nikafika nyumbani saa kumi na robo hivi alfajiri. Ngazi za ghorofa ya pili kwenda ya tatu zina kiza, taa iliungua mwaka jana. Nikasikia mtu anahema. Nikawasha tochi ya simu, nikamuona mzee amekaa kwenye ngazi, kikoi kakikunja mpaka magotini, mtungi kando yake umejaa. Akanambia, zima taa, waamsha watu.

Nilitaka kuubeba ule mtungi akakataa, ati mimi nimetoka kazini nikalale. Nikapanda nyuma yake mikono mitupu kama mtoto anayepelekwa chuoni. Asubuhi nikauliza kijana wa mkokoteni, akasema ee babu huyo yuwaja kila siku kabla ya adhana, achukua mitungi minne, mmoja mmoja, na alipa mwenyewe, na taslimu.

Wiki ya tatu hii! Mimi nimelala!

Mke wangu nilipomwambia alilia, halafu akasema mwambie wewe, mimi atanigombeza. Sasa mimi ni mkwe. Mkwe anamwambiaje baba mkwe asifanye kitu ndani ya nyumba ambayo kitu chenyewe ilikuwa afanye yeye mkwe? Nisaidieni.

Kijana_wa_Mshomoroni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umempa mtungi 😂😂

fundi_bomba

Ndugu hiyo shida si ya adabu ni ya presha. Maji kupanda mita 10 yanataka presha ya baa moja nzima, na ghorofa ya nne uko mita 12 hivi, sasa laini ya mtaa ikifika hapo haina hata nusu yake yatapandaje? Dawa ni mwenye nyumba aweke tangi chini na pampu ya kupeleka tangi la juu. Lakini nakuomba usije ukasikiliza mtu akakufungia pampu moja kwa moja kwenye laini ya mtaa, utavuta maji ya jirani zako na uchafu wote ulioko kwenye bomba, nimeona mengi mimi.

baba_wawili

@fundi_bomba tangi la juu lipo, pampu iliungua. Mwenye nyumba anasema inshallah tangu Idi ile nyingine.

Kijana_wa_Mshomoroni

Haya bila utani, si ulipe yule kijana wa mkokoteni kwa mwezi akupandishie? Mzee akiamka akute pipa limejaa, kesi imekwisha.

baba_wawili

Nilijaribu jana. Nikampa kijana pesa ya wiki nzima aje saa tisa na nusu usiku. Mzee akamkuta mlangoni, wakasalimiana, wakaulizana kwao, wakajuana, kijana akapewa kahawa. Halafu mzee akashuka akabeba mitungi yake minne kama kawaida, na sasa nina mitungi minane na pa kuiweka sina.

NahodhaMstaafu

Mwanangu, mimi nimewajua watu wa Matondoni, nimesafiri na vyombo walivyovijenga. Fundi wa aina hiyo mikono yake ndo umri wake. Ukimkalisha kwenye kochi atazame TV mpaka jioni utamrudisha Lamu mgonjwa. Usimkataze, mbadilishie. Mpe kazi kubwa kuliko mitungi, kazi ambayo akiifanya mitungi itamkosesha nafasi. Na zaidi ya hapo shuka naye, hata kama yuwakataa shuka tu, kaa kimya, chukua wako mmoja. Mzee wa zamani hawezi kukunyang'anya mtungi mkononi, itakuwa ni fujo.

Mkaza_Mwana

Tumia mjukuu. Babu na mjukuu wana utani wao, neno ambalo wewe huwezi kulisema mtoto atalisema na mzee atacheka. Mimi mama mkwe wangu alikuwa akinipangia jikoni upya kila akija, sikuthubutu, mwanangu ndiye aliyemwambia nyanya mbona chumvi yetu yapotea ukija, basi kukaisha.

baba_wawili

@Mkaza_Mwana nimefanya hivyo leo nikaaibika. Nimemfundisha mkubwa vizuri, nenda kwa babu umwambie babu usibebe maji utaumia mgongo. Kaenda, kasema. Babu akamuuliza nani alokutuma? Mtoto akanyoosha kidole mpaka kwangu, na nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la jikoni.

Mzee hakunitazama. Akamwambia mtoto, mwambie babako mai hayana maguu.

Na hili nalo, mtoto ameshakuwa Mwamu, mtu wa Lamu kabisa. Mwalimu wake wa chekechea kanipigia simu ati mtoto anaita wenzake "ndoo, ndoo", wenzake wanamletea ndoo, yeye anakasirika. Ikabidi nimueleze kwa Kiamu ndoo ni njoo.

Kijana_wa_Mshomoroni

😂😂😂 nimelia kwenye matatu watu wananitazama

shangazi_wa_Tudor

baba_wawili nimekusoma mara mbili, natafuta kitu sikioni. Mama mkwe wako umemtaja pale anaposhuka kwenye basi na mkeka. Baada ya hapo hayupo. Kwani alirudi Lamu na basi lile lile?

Nani anakaa na huyo mtoto wa miezi mitatu mkeo akiwa shule? Nani anampikia huyo mzee apate nguvu ya kubeba? Yule wa chekechea anaoshwa na nani, sare anafuliwa na nani? Mtungi una kilo 20, unapandishwa dakika kumi unatuliwa. Mtoto ana kilo sita na hatuliwi. Mzee kabeba mitungi minne umefungua uzi na sisi wote hapa tunalia naye. Mama kabeba mtoto kutwa wiki tatu, uzi wake uko wapi?

Sikugombi. Mimi mwenyewe nimekwenda kwa binti zangu mara tano, kila mara majirani walikuwa wakiambiwa mama amekuja kutembea. Kutembea gani, tangu nifike sijavuka hata barabara.

Mkaza_Mwana

Shangazi 🙌🙌 sina la kuongeza.

baba_wawili

Shangazi umenipiga mahali. Nilitaka kukujibu jana usiku kwamba mama yeye anapenda mtoto, hata hataki mtu amshike. Nikaandika nikafuta.

Kijana_wa_Mshomoroni

Ulifanya vizuri kufuta 😂

baba_wawili

Narudi, siku mbili zimepita. Leo sikuwa na kazi nikasema nikae nitazame tu, bila kusema kitu.

Saa tisa usiku mdogo kaamka. Mimi siku zote nilijua anaamka na mamake. Kumbe mamake anamnyonyesha robo saa anamrudishia nyanya, kwa sababu ana darasa asubuhi, na nyanya ndo anamtembeza ukumbini mpaka alale. Saa kumi mama mkwe keshakuwa macho basi harudi kitandani, anasukuma mahamri aliyoyakanda usiku. Anakuna nazi kwenye mbuzi, tui la mbaazi lile, anachuja na kifumbu alichokuja nacho, maana chujio letu la plastiki kalikataa siku ya kwanza. Mkubwa anaoshwa, anavalishwa, anapelekwa mpaka chini kwenye gari la shule, ghorofa nne kushuka na nne kupanda na mdogo kamfunga kwa leso. Mama ana goti, nimemuona leo akishika ukuta. Wiki tatu na siku mbili ndo naona.

Halafu nepi. Mama hataki daipa, anasema joto hili la kaskazi zinamchoma mtoto mapajani, na kweli mtoto alikuwa na vipele na sasa hana. Kwa hiyo ni nepi za kitambaa, anafua kutwa mara mbili, anasuuza maji matatu matatu. Hapo ndo kichwa changu kikafunguka. Yale maji ya mzee nusu yake ni ya nepi! Nikamuuliza mama kwa kuzungukazunguka, akanambia siku ya kwanza usiku alisema tu, maji ya kufulia yatakuwa madogo. Akasema mara moja. Miaka 46 wameoana huyu bwana hajamwacha aseme kitu mara mbili.

Kwa hiyo mimi nilikuwa napigana na mzee kumbe mzee ametumwa na nepi.

Na kuna jambo jingine naomba msaada wa haraka. Mama anataka kumpa mtoto maji kijiko kimoja viwili kwa ajili ya joto. Mke wangu hataki, wameanza kununiana kimya kimya, ile ya kuweka vikombe kwa sauti.

muuguzi_zamu

Hapo kwenye maji naomba mnisikilize. Maziwa ya mama yenyewe karibu asilimia 88 ni maji, mtoto wa miezi mitatu akiwa na kiu ananyonya, basi. Mpaka miezi sita hakuna maji, hakuna glukosi, hakuna uji mwepesi. Kijiko cha maji kinamjaza tumbo dogo lile anyonye kidogo, na hayo maji ya mtungi hujui yamepita wapi.

Joto mpunguzieni kwa njia nyingine, kipande kimoja cha nguo, dirisha wazi, kitambaa kibichi, na anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Maziwa anayokamua mkeo kwa ajili ya saa za shule yawekwe kwenye friji papo hapo, hukaa mpaka siku nne. Nje ni saa nne tu na hizo ni za mahali penye baridi ya kadiri, jikoni kwako Kisauni mwezi huu usizihesabu hizo saa. Stima ikipotea pata kikasha chenye barafu. Kuyapasha ni kutia chombo ndani ya maji moto, si kuyaweka juu ya jiko. Na mwambie mkeo Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kukamulia, asiende kukamua chooni.

Sasa namna ya kumwambia mama. Usimwambie wewe. Mkeo pia asimwambie. Chanjo ya wiki 14 si inakaribia? Mpeleke mama kliniki, abebe yeye kitabu, amuulize muuguzi mwenyewe. Nyanya akipewa heshima yake mbele ya dawati hukaa upande wetu, akidharauliwa anatoa maji ukigeuka mgongo. Hayo nayasema kwa kuyaona.

shangazi_wa_Tudor

Maneno hayo. Na sisi tuliwapa maji wanetu, tuliambiwa hivyo wakati ule na tulikuwa hatujui. Si ukaidi, anamuonea huruma mtoto.

NahodhaMstaafu

baba_wawili na ule mtungi je? Ulishuka naye?

baba_wawili

Nimeshuka naye siku tatu mfululizo @NahodhaMstaafu. Siku ya kwanza hatukusemezana. Siku ya pili akanambia navyobeba kiuno kitaniuma, akanionyesha kuuweka begani. Siku ya tatu tulipofika ngazi ile ya kiza tukapumzika wote wawili, akaangalia juu kwenye uwazi wa katikati halafu akatoka nje akaiangalia balkoni yetu kutoka chini kwa muda mrefu, adhana imeshatolewa, watu wanapita wanaenda msikitini na yeye shingo juu. Kisha akaniuliza, boriti yuauza nani hapa?

NahodhaMstaafu

Hahaha. Atatia kapi huyo, lile gurudumu la kupitishia kamba.

baba_wawili

Umejuaje!

NahodhaMstaafu

Foromali la jahazi ni mti mkubwa kuliko wewe na mimi tukiunganishwa, na tanga lake juu, na hupandishwa kwa kamba na kapi. Mtungi wa maji kwake ni kitu gani.

baba_wawili

Basi wacha niwahadithie maana hii imenifurahisha kuliko mshahara.

Tumenunua boriti moja ya mkoko. Ameipitisha juu ya balkoni, hakupiga hata msumari mmoja kwenye ukuta, kaifunga kwenye nguzo kwa kamba tu, mafundo ambayo mimi nimeyatazama kwa karibu bado sijayaelewa. Kapi mbili za mbao, moja alikuja nayo kutoka nyumbani (alikuja nayo ya nini? sikuuliza), nyingine kaichonga hapa hapa ukumbini, mama akamfukuza na vumbi lake akamalizia kwenye ngazi. Moja iko juu, nyingine inashuka na mzigo. Unavuta kamba nyingi lakini mtungi unapanda kama ndoo ya mtoto. Mke wangu kapandisha mmoja kwa mikono yake akiwa na sare ya kazini.

fundi_bomba

Hiyo kapi ya pili inayotembea na mzigo ndo siri. Uzito unagawanywa kamba mbili, kilo 20 unavuta kama 10 na kidogo cha msuguano, ila kamba inayopita mkononi ni maradufu. Mzee hajasoma fizikia lakini fizikia imemsoma yeye. Nakuuliza swali moja tu, kamba ikikatika?

shangazi_wa_Tudor

Hata mimi hilo ndo linanitia hofu. Chini kuna watoto.

baba_wawili

Mnayosema ni kweli, na siwafichi, siku ya kwanza ya majaribio mtungi ulichomoka. Haukuwa na maji, mzee alikataa kuanza na uliojaa. Ulianguka ukapasuka, mama wa ghorofa ya kwanza akatoka na mwiko. Hapo mzee akabadilisha, sasa mtungi haufungwi mkono wake, unakaa ndani ya wavu wa kamba aliousuka mwenyewe. Na ana masharti, kunapandishwa saa nne asubuhi watoto wako shule, mtu mmoja anasimama chini pembeni, na kuna mstari wa chokaa hakuna kuuvuka mpaka aseme.

Ajenti wa nyumba kaja juzi kwa hasira, kapigiwa simu na mtu. Nikajua tunafukuzwa. Mzee akamkaribisha, kahawa, kashata, wakakaa balkoni kama nusu saa. Mimi niko ndani najisemea kodi yangu ya mwezi wa kwanza itarudishwa au haitarudishwa. Kaondoka kasema boriti ikae mpaka pampu itengenezwe, na mzee kesho yake kaenda kumuangalizia mlango wa ofisi yake uliovimba. Na pampu, oneni ajabu, fundi kaja Alhamisi kuipima. Kaipima tu lakini kaja.

Majirani wa ghorofa ya tatu na ya tano nao wanapandishia hapo hapo. Ya tano inabidi waje kuchukua kwetu, kwa hiyo saa nne asubuhi nyumba yangu imejaa watu.

muuguzi_zamu

Na mama? Kliniki mlienda?

baba_wawili

Tulienda. Muuguzi aliyetupokea kumbe kwao ni Faza. Yakaanza maneno ya kina nani ni ndugu ya nani, foleni nyuma yetu inaguna, mtoto kachanjwa kalia kanyamaza wao bado wako Faza. Lile la maji mama kaliuliza mwenyewe, akajibiwa. Njiani kwenye tuktuk hakusema kitu. Tulipofika nyumbani akamwambia mke wangu, kumbe wasema hata wewe maji niliyokupa yalikuwa si sawa? Mke akasema mama, mbona mimi mzima. Wakacheka, vikombe vikarudi kuwekwa taratibu. Sasa mimi ndo nachungwa, jana nilipita karibu na mtoto na gilasi ya juisi nikaulizwa naenda wapi nayo.

Na shangazi, nilifuata yako. Nikamuuliza mama anataka nini. Akasema hana haja. Nikamuuliza tena kesho yake, hana haja. Mara ya tatu akanambia ana shoga yake Mji wa Kale, waliolewa mwaka mmoja, hajamuona miaka tisa, na anataka kwenda peke yake. Peke yake hasa. Hataki mtoto wala mzee, na mimi pia hanitaki.

Nikachukua siku ya likizo. Mama kavaa buibui lake la mbali, kajifukiza udi, katoka saa tatu asubuhi. Mimi nikabaki na mdogo na nepi zake.

Sitaandika mengi. Saa sita mchana mzee aliingia akanikuta nimekaa sakafuni bafuni, nepi kumi na moja kwenye beseni, mtoto begani analia na mimi nimemuimbia kila ninachokijua mpaka wimbo wa taifa. Akamchukua, akamlaza kifudifudi mkononi mwake kama unavyoshika randa, mtoto kanyamaza palepale. Akanambia suuza hizo, mai yapo.

Mama karudi magharibi na halua na kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Hakuuliza hata mtoto amekula.

shangazi_wa_Tudor

Hapo kwenye hakuuliza hata mtoto amekula, nimefurahi wallahi mpaka nimempigia binti yangu.

Kijana_wa_Mshomoroni

Sasa uzi unafungwa au? Mzee aliacha mitungi?

baba_wawili

Aliacha ngazi, hakuacha mitungi. Saa kumi bado anaamka, anakaa balkoni anapaka kapi mafuta.

Wameondoka jana. Yaya mpya amepatikana, ni mtu mzima kutoka Rabai, mama kamfanyia mtihani siku mbili ndo akamkabidhi mtoto. Nepi thelathini kaziacha zimekunjwa, na amri usiku mtoto avae daipa kwa sababu yaya naye lazima alale, hilo kalisema mwenyewe sikumfundisha mimi. Stejini nikataka kumpa mzee pesa zile za kijana wa mkokoteni alizokuwa akilipa, kama wiki sita hizo. Akazihesabu, akarudisha nusu, akasema nusu ile ni ya maji aliyoyaoga yeye.

Mkubwa analia tangu jana, anaita babu ndoo.

Nina shida moja imebaki. Kamba ya kapi imeanza kuchanuka pale inapopinda, na mzee kanionya nisiweke nailoni, ati yateleza mkononi na ikipata jua kali inachakaa. Wapi Mombasa nitapata kamba ya katani nzito, kama mita 40?

NahodhaMstaafu

Teremka Mji wa Kale, ufike Bandari ya Kale, uliza wale wa vyombo. Usinunue kwa macho, ifungue uzi mmoja uinuse, ikinuka uvundo iache. Na ukate 45, si 40, kamba hupungua ukishaifunga.

baba_wawili

Shukran nahodha. Jumamosi nateremka. Mke anasema nimpitie na halua.